Mwalimu Akagua Magodoro Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Mwekezaji kaja. Kakalia godoro letu bora, kalisifu, kisha kakataa kutoa hata senti. Eti kampuni isiyo na kamati huru ya ukaguzi thamani yake ni nusu, kwa sababu hakuna anayejua mkurugenzi anaficha nini. Mkurugenzi ni mimi! Nimeumia. Lakini bila yeye hatupati mashine mpya, na bila mashine kiwanda alichoniachia baba kitafungwa kabla mwaka haujaisha. Watu arobaini wataenda wapi? Kamati nitaunda leo leo.

Jumatano, 6 Machi
Kamati tayari: mke wangu, shemeji na mama mkwe. Mwekezaji kasoma majina, kacheka mpaka akakohoa. Kasema hiyo ni kamati ya harusi. Anataka watu wasio ndugu zangu, wasiolipwa mshahara na mimi, na angalau mmoja anayejua hesabu. Masharti gani haya! Mke wangu kaniomba nitafute watu wa kweli, nisilete ujanja. Nimeitikia. Ujanja ninao tayari.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempata! Mwalimu aliyenifundisha hesabu shule ya msingi. Kastaafu zamani, macho hayaoni vizuri, anasinzia katikati ya maneno yake mwenyewe. Mwenyekiti aliyeumbwa kwa ajili yangu. Wenzake ni mfamasia na karani mstaafu wa benki, watu wapole. Nimewaandalia chai, viti laini, na daftari la ghala linaloonyesha magodoro mia tatu.

Jumanne, 12 Machi
Balaa! Mwalimu kaomba kuingia ghalani. Kapita akigusa kila godoro kwa kiganja, anahesabu kwa sauti, asubuhi nzima. Mia mbili sabini na nne. Kaniuliza ishirini na sita yako wapi. Nikasimama wima kama nipo darasa la tatu. Nikasema kweli: kila mfanyakazi akipata mtoto nampa godoro kimyakimya, na kwenye daftari nasingizia bado lipo, mwekezaji asije akaniona mlegevu. Mwalimu kanishika shavu, kasema mimi ni mtoto mwema, ila hesabu zangu ni zilezile. Nimelia. Mtu mzima! Halafu kaandika yote kwenye ripoti. Yote! Nimekwisha.

Alhamisi, 14 Machi
Mwekezaji kasoma ripoti. Nilishaanza kuwaaga wafanyakazi. Kumbe! Kasema kamati inayoweza kumuumbua mkurugenzi ni kamati ya kuaminika. Thamani ya kampuni kaipandisha, mashine inakuja. Magodoro ya watoto yaendelee, ila yaandikwe. Mke wangu kanikumbatia mbele ya watu wote, kasema anajivunia mimi, na bila shaka sasa nimeona faida ya kusema ukweli.

Nimeona, mpenzi. Kosa moja likigunduliwa, thamani inapanda hivi. Makosa kumi je? Kesho asubuhi naficha mito hamsini nyuma ya choo, kisha nampigia Mwalimu simu aje kuitafuta.