Kangaga ka Ailsa na Joto la Jiko Langu

Jumatatu, 17 Februari
Nimechoka, lakini niandike. Mwanangu Ailsa, miaka kumi na mmoja tu, kapata kangaga, kamea ka majani kama manyoya ya ndege, mlimani, kwenye ufa wa jabali. Kadogo kama ukucha. Amekapanda ndani ya kopo la majani ya chai, kako nyuma ya banda penye baridi na maji. Jumamosi anakapeleka kwenye maonyesho ya bustani. Akili hizo kazirithi kwangu.

Jumanne
Jirani yangu Velma kaja kwa chai ya saa nne. Kachungulia kopo. "Shoga, huu ni mmea, au kondoo kapita?"
Nimecheka kwa adabu. Keki yake ya juzi ilikuwa mbichi katikati, nami nilinyamaza.
Ailsa kanionya nisikaguse, eti kanapenda baridi. Anajua nini? Nimelea wanakondoo yatima kumi na wanne sandukuni, kando ya jiko. Kila kinyonge kisiwani hapa, huku kusini kwenye baridi, huponea jikoni.

Jumatano
Ailsa shuleni. Nimekaweka kwenye sanduku la wanakondoo, nikakafunika soksi ya sufu. Moto wa taratibu. Kanenepe, Velma akome.

Alhamisi
Kamekauka. Kamejikunja, kahawia tupu. Nimekatupa nyuma ya banda. Nimechimba kengine bondeni, nikakapanda koponi, kanafanana. Karibu kufanana.

Jumamosi
Mwamuzi kasema kazuri, ila si aina iliyoandikwa kwenye kadi. Velma akakohoa, kikohozi cha raha. Ailsa akatazama kopo, akanitazama mimi.
"Mama, haka si kangu."
Akaondoa kadi yake mezani, mbele ya watu wote. Utepe mwekundu wa mshindi kapewa Velma, kwa kabichi. Kabichi!
 Njia nzima niliongea peke yangu, habari za kabichi.

Jumatatu, 24 Februari
Mvua siku mbili. Asubuhi Ailsa kaenda nyuma ya banda, karudi nako kiganjani, kale kale nilikokatupa. Kamelowa, kamekunjuka, kijani tena! Akakarudisha kwenye kopo lake, nje palepale. Akanikumbatia. Akasema mwakani tutajaribu tena, ila niape sitakagusa. Nimeapa, machozi yananitoka. Mtoto wa moyo huo angezaliwa na nani kama si mimi?

Sasa yuko shuleni. Kiangazi gani hiki! Upepo wa kusini unauma mpaka kwenye meno, pengwini wenyewe wamejikunyata. Nimechungulia dirishani: kanatetemeka, maskini.

Sijakagusa. Nimeshika kopo tu. Kako kando ya jiko, mpaka atakaporudi.