Kigari cha Maziwa Chini ya Kabati la Mama Mkwe

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika ukweni, mchana kweupe, nikiwa na kanzu mpya. Naandika upesi ili jambo hili mlipate kwangu kabla ya watu wa Darajani, maana wale wakilipata watalitia chumvi. (Na chumvi yenyewe halihitaji.)

Wengi humu kundini mnanijua. Mimi Mbarouk, fundi wa feni, na ninakusanya vigari vya zamani, vile vidogo vya chuma walivyochezea wazee wetu walipokuwa watoto. Mke wangu Zuhura ameshavizoea. Mama yake, Bi Rukia, hajavizoea. Miaka kumi na moja ya ndoa yetu hajaniita jina langu hata mara moja. Akipiga simu humuuliza Zuhura, "Yule mchezea vigari keshakula?" Huruma anayo. Heshima ndiyo hana, na heshima hiyo naitafuta kuliko kigari chochote. Au tuseme naitafuta sawasawa na vigari.

Leo Bi Rukia alisomesha maulidi ya shukrani nyumbani kwake, Mji Mkongwe, kwa kuwa ametibiwa mtoto wa jicho na macho yamepona. Asubuhi Zuhura alinikalisha kitandani kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Leo Mama anaona vizuri," akaniambia. "Usimpe cha kukiona."

"Nshasikia."

"Hutosema habari za vigari?"

"Sitosema."

Na sikusema! Naapa. Tatizo halikutoka kinywani, lilitoka machoni.

Nilifika saa nne. Sebule ilikuwa imejaa wanaume, mikeka imetandikwa ukuta kwa ukuta, na wanawake wako chumba cha ndani nyuma ya pazia. Nikamwamkia Mjomba Haji, kaka mkubwa wa Bi Rukia, aliyekuja tangu jana kutoka Makunduchi. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba." Akaitazama kanzu yangu, akaridhika. Nikapata nafasi pembeni, mgongo kwenye kabati kubwa la msaji aliloliacha marehemu baba yao, ndani ya nyumba hiyo hiyo waliyokulia. Kabati hilo halijasogezwa tangu liingizwe. Miguu yake mifupi, chini pamebaki uwazi wa kupita mkono tu.

Maulidi yakaanza. Sauti nzuri, udi unafuka, mimi nimetulia, mkwe wa mfano. Mara kofia ikanianguka. (Ya kuazima, imenizidi kichwa.) Nikainama kuiokota. Nikaona gurudumu.

Gurudumu moja, dogo kama kifungo cha shati, kule ndani kabisa karibu na ukuta. Mtu mwingine angeona uchafu. Mimi niliona gurudumu la chuma, si la plastiki, na ya plastiki yalikuja baadaye! Nikainama zaidi. Jirani yangu akadhani nimezama kwenye maulidi. (Mungu anisamehe.) Nikawasha tochi ya simu kwa siri. Rangi ya machungwa. Dirisha halina kioo. Nyuma kumepangwa kreti za maziwa, nyeupe.

Wenzangu, ni kile kigari cha maziwa! Kile nilichokitafuta miaka minane! Kile ambacho yule mjuzi wa kundi letu (anajijua) aliapa hakijapata kufika Unguja. Na siku zote kimelala ukweni kwangu, mimi nikinywa chai hatua mbili kutoka kilipo!

Mtu mwenye akili angengoja maulidi yaishe. Mimi nikawaza: chakula kikitaka kuandaliwa patafagiliwa, ufagio uliokikosa miaka yote leo utakifikia, mtu atakiokota, na mimi nitakuwa kwenye foleni ya kunawa mikono. Hapana. Nikajilaza ubavu taratibu, nikapitisha mkono. Kiganja kikapita. Kiwiko kikapita kwa kusukumwa. Nikakigusa. Nikakishika. Nikafunga ngumi.

Hapo ndipo msomaji alipofika kwenye kiyamu.

Mnajua wenyewe, kiyamu kikifika kila mtu husimama. Kila mtu! Hata wazee wa magoti mabovu hushikwa mikono wakasimama. Sebule nzima ikainuka kwa pamoja. Mimi nikabaki chini, shavu kwenye mkeka, mkono umemezwa na kabati hadi begani. Nikavuta. Hautoki. Ngumi yenye kigari haipiti pale kilipopita kiganja kitupu.

Njia ilikuwa moja tu: nikiachie. (Nyote humu mnajua nilichofanya.)

Nikavuta tena. Miguu ikaanza kurusha mateke yenyewe. Nikaguna. Mtu wa marashi alikuwa akipita akimrashia kila mmoja. Alipofika kwangu akasita, akainama, akanirashia mimi pia. Marashi yakaniingia jichoni. Nikapiga ukelele.

"Kapandisha!" mtu akasema.

Basi. Neno hilo likishasemwa Unguja, limekwisha. Kiyamu kilipomalizika, maulidi yakasimama, watu wakanizunguka. Na mtu akidhaniwa amepandisha pepo hasemeshwi yeye, husemeshwa pepo. Bahati yangu mbaya, huko Makunduchi anayeitwa mambo kama haya yakitokea ni Mjomba Haji. Akachuchumaa kichwani kwangu na chetezo mkononi, akanifukiza udi puani.

"Nani weye?" akauliza kwa upole.

"Mimi, Mjomba! Mimi Mbarouk!"

"Huyo uliyemkalia twamjua. Weye mwenyewe nani?"

"Mkono, Mjomba..." Moshi ukanijaa kifuani, nikakohoa, sikuweza kumaliza.

"Sema utakacho tukupe. Umwache mtoto wa watu."

Sikuwa na pumzi ya kutunga uongo. Nikasema kweli.

"Nnataka kigari!"

Nyuma ya pazia nikaisikia sauti ya Zuhura: "Ya Rabi, nifukie."

"Kigari gani?" akauliza Mjomba.

Hapa nakiri ugonjwa wangu. Mtu akiniuliza kigari gani, siwezi kujibu nusu.

"Cha maziwa! Rangi ya machungwa! Chuma kitupu, madirisha hayana vioo, magurudumu ya chuma, kreti za nyuma zimepakwa nyeupe!"

"Pepo wa kitoto huyo," mtu akanong'ona. "Mpeni peremende."

Watu wakaanza kucheka kwa kujiziba midomo. Mjomba Haji hakucheka. Aliweka chetezo chini. Kisha akakaa kitako.

"Nani kakwambia?" akasema kwa sauti ndogo. "Hicho changu. Baba alinletea alipokuwa baharia. Kilinpotea nna miaka saba."

Pazia likafunguka. Bi Rukia huyo, mtandio begani, macho makavu.

"Kilikupotea au kiliibiwa, Haji? Maana nnakumbuka ulivyosema. Tangu sijang'oka meno ya utoto waniita mwizi wa kigari. Harusini kwangu ulisema. Matangani kwa Mama ulisema!"

"Rukia, mbele za watu..."

"Mbele za watu ndo ulikosemea. Inueni kabati!"

Wanaume sita wakalishika. Kabati likalia, likainuka vidole viwili. Mkono wangu ukatoka mweusi kwa vumbi, utando wa buibui mpaka begani, kanzu mpya imechanika kwapani. Nikafungua ngumi.

Vichwa vyote vikainama.

"Ndicho?" akauliza Bi Rukia. Hakumuuliza kaka yake. Aliniuliza mimi!

Nikakaa sawa. Nikatoa lenzi mfukoni. (Ndiyo, nilikwenda nayo maulidini, msinihukumu.) Nikakigeuza juu chini, kwa kuwa kigari husomwa tumboni. Sebule yote ikanisubiri mimi, fundi wa feni mwenye kofia ya kuazima. Jamani, utamu huo sijapata kuuonja.

"Ni chenyewe," nikasema. "Ribiti zake mbili, zile pini za kukazia tumbo, hazijaguswa, kwa hivyo hakijafunguliwa. Rangi ya asili. Vilivyopakwa upya, rangi hujaa kwenye mifereji ya milango; hiki mifereji iko wazi. Tumboni pana herufi H, imekwaruzwa kwa msumari."

"Nliikwaruza mwenyewe," akasema Mjomba.

"Na vumbi limeganda upande mmoja tu, ule uliotazama juu. Hakuna mkono uliokigusa tangu kilipobingirika kikagonga ukuta. Hakikuibiwa, Mjomba. Ulikisukuma mwenyewe kikaingia chini ya kabati."

Mzee wa watu akalia. Akamwendea dada yake mbele ya sebule nzima, akamshika mkono. "Nisamehe, Rukia." Bi Rukia akamwacha angoje kidogo, na ilikuwa haki yake. Kisha akasema, "Nshakusamehe. Lakini kigari hukipati."

Akakichukua kiganjani mwangu. Roho ikanitoka. Akakisogeza karibu na macho yake mapya, akakizungusha gurudumu, akatabasamu kama mtoto wa kike. Halafu akanirudishia.

"Kaa nacho wewe, Mbarouk. Wewe ndo ulonisafisha jina."

Nilikipokea kwa mikono miwili, machozi yananitoka, nami nikasingizia marashi.

Maulidi yakaendelea mpaka mwisho, na safari hii niliposimama nilisimama kabla ya wote. Ikaja pilau. Zuhura ameshaanza kunisemesha, ingawa kwa maneno mafupi. Jirani mmoja, mtu mzima, ameniuliza barazani kama pepo wangu anakubali vigari vya plastiki. Mwingine anataka nikatazame chini ya kabati la mama yake, kuna pete. Nimewajibu wote kwa heshima.

Sasa msinicheke. Au haya, chekeni. Lakini mjue kwamba watu wakiwa sinia kwa sinia wanagombea nyama, Bi Rukia alipita katikati yao na kisahani kimefunikwa, akakiweka mbele yangu, akakifunua mwenyewe. Ndani mlikuwa na firigisi. Nyinyi ambao hamkuadhirika leo, mmekula nini?