Mafuta ya Kwenda na Mafuta ya Kurudi

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote, wa Arua na wa Koboko, kwamba kuanzia leo pesa za kampuni hazitalala tena chumba kimoja kama kuku. Kila shilingi itakuwa na akaunti yake ndogo, na kila akaunti ndogo itajua kazi yake.

Ndivyo ulivyosema Waraka wa Kwanza wa Ezati, Mkuu wa Hesabu wa kampuni ya nyanya ya Mzee Asiku. Ezati alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili, na siku hizo zilimwingia kichwani. Alianza na akaunti ndogo sita. Mwezi wa pili zilikuwa sitini na moja. Sukari ilikuwa na yake, majani ya chai yalikuwa na yake, na ya majani ilipokauka ofisi nzima ilikunywa maji moto ya sukari wiki nzima. Ezati naye aliyanywa, akayasifu.

Kilichobaki ni cheo. Alhamisi saa nane mchana bodi ingekaa Arua kumthibitisha kuwa Mkurugenzi wa Fedha, mradi afike mwenyewe. Alikitamani cheo hicho mpaka aibu. Suti alishashonesha, na mfukoni alibaki na elfu mbili. Asubuhi hiyo alikwenda Koboko kuzindua mfumo wake, akakusudia kurudi na lori la nyanya za Kuluba. Dereva Saturnino alipowasha, tangi lilikuwa tupu.

Mwenye pampu alikuwa akiwakopesha dizeli miaka yote. Lakini saa mbili kabla ya hapo, Ezati alikuwa amemkabidhi barua ya kusitisha mkopo, kwa sababu mkopo haukuwa na akaunti ndogo. Akampigia simu Prossy, mtunza fedha wa Arua.

"Prossy, tuma pesa ya mafuta."

"Ya kwenda ama ya kurudi, bosi?"

"Ya kurudi. Tuko Koboko."

"Ya kurudi haina kitu. Inajazwa lori ikisharudi. Waraka wa Nne."

"Basi toa kwa ya kwenda."

"Ya kwenda iko na pesa mingi. Lakini nyinyi hamuendi."

"Hamisha. Ni mimi nasema."

"Kuhamisha inataka sahihi yako, wino wa bluu, hapa mezani."

"Si unasikia sauti yangu?"

"Sauti nasikia, bosi. Sauti haina wino."

Ezati alijivunia msichana huyo kwa muda mfupi, kisha akaona saa. Ilikuwa saa sita na nusu, na nyanya zimeanza kutoa maji chini ya lori.

"Iko akaunti moja haitaki sahihi," Prossy akaongeza. "Rambirambi. Uliandika kifo hakingoji wino. Mutu wa kampuni akikufa safarini, pesa ya gari ya kumurudisha inatoka kwa simu. Nani amekufa?"

Ezati akamgeukia Saturnino.

"Hapana, mzee," dereva alisema taratibu. "Mimi iko na bibi moja Arua, ingine iko hapa Koboko. Hawajuani. Nikikufa, watakutana."

Ezati akatazama tena saa yake.

"Andika mimi," akasema. "Kwa masaa mawili tu."

"Pole sana, bosi," Prossy akajibu kwa uchungu wa kweli, na pesa zikaingia kabla hajakata simu.

Saturnino aliendesha kama anayefukuzwa. Saa nane kasoro dakika tano Ezati aliruka chini mbele ya ofisi, moyo ukimwimbia. Akakuta tenti, viti vya plastiki, na Mzee Asiku amesimama na kipaza sauti.

"Marehemu alipenda utaratibu," Mzee Asiku alikuwa akisema, na watu wakaitikia kwa vichwa.

"Mzee, mimi niko hai."

Asiku alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Ezati, tenti imeshalipiwa. Watu wametoka hata kule Ombaci. Kaa kwanza."

"Na bodi?"

"Ilikaa mapema, kwa heshima yako. Nafasi yako haingeachwa wazi."

Ezati alimwendea Prossy kwenye meza ya daftari la michango. Alitaka kulia, akaona aibu kulia kwenye msiba wake mwenyewe.

"Prossy, nirudishe kwa kazi."

"Akaunti ndogo ya mshahara yako imefungwa. Lete barua ya mwenyekiti wa kijiji inasema uko hai, halafu Mkurugenzi wa Fedha aweke sahihi."

"Mkurugenzi ni nani?"

"Ni mimi. Lakini leo tuko na msiba, hakuna kazi."

Nyuma yake foleni ya wachangiaji ilikuwa inanung'unika. Ezati akatoa elfu mbili zake, akaziweka mezani. Prossy akamwandikia risiti kwa wino wa bluu, na penye jina la mtoaji akaandika: mtu wa nje.