Kuhusu Shemeji Kukataa Kufuta Picha za Harusi

Kwa Kaka Mkubwa,
Mwenyekiti wa Kikao cha Familia.

Shikamoo, Kaka. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, ila cheo changu kinaumwa. Naandika kumshtaki mkeo, kwa heshima zote, kabla ya kikao cha Jumapili kitakachoamua kama nitaendelea kuwa Mtunza Kumbukumbu wa familia, au mashine yangu ya kuhifadhia picha iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tarehe nimezitoa kwenye shajara yangu, hakuna niliyobuni.

1. Tarehe 9, siku mbili kabla ya harusi ya binti yenu, Shemeji alichomoa waya wa mashine ili apige pasi. Kama nilivyoeleza katika vikao vitatu, mfumo wa mashine ile, Linux, haukai kwenye diski. Ukiwashwa unasomwa kutoka kwenye flashi, unapanda wote kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika unasahau yote uliyofundishwa. Diski hubaki na picha zake, salama salimini. Nilikaa saa tatu kuufundisha upya majina yetu na nywila. Shemeji, pasi mkononi, akasema: "Shem, hiyo mashine yako ina akili ya kuku. Ikilala tu, imemsahau aliyeilisha." Watoto wakacheka. Nami nikacheka, wasije wakaniona nimenuna.

2. Tarehe 12 nilikusanya picha zote za harusi, mia sita na arobaini, nikaziingiza kwenye mashine. Kisha nikaagiza kila mtu afute za kwenye simu yake, maana nakala zikizagaa hakuna ajuaye ipi ndiyo picha na ipi ni kivuli chake. Familia ilitii. Wewe ulifuta. Mama alifuta, ingawa alinung'unika kwamba albamu haihitaji umeme. Hata mpiga picha alisafisha kadi yake mbele ya macho yangu, nikampa barua ya shukrani.

3. Shemeji peke yake alikataa. Nanukuu: "Nifute harusi ya mwanangu? Nifute mimi kwanza!"

4. Ukaidi huu unaambukiza. Leo amebaki na picha, kesho atataka nakala za vyeti, keshokutwa kila mtu atakuwa mtunza kumbukumbu wa nafsi yake. Familia isiyo na mtunzaji mmoja ni kundi tu la watu waliofanana pua.

Kwa hiyo naomba kikao kiamue kwamba Shemeji afute picha zote mbele ya mashahidi wawili, na simu yake ikaguliwe na Mama. Pasi ihamie kwa jirani. Wageni waache simu mlangoni pamoja na viatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi akikataa tena, napendekeza, kwa uchungu, harusi irudiwe na yeye asialikwe.

Nisalimie Mama, maharusi, watoto wote (hata waliocheka), na Shemeji mwenyewe, kwani mashtaka si chuki.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Mtunza Kumbukumbu.

Baada ya sahihi: Kaka, kabla ya kufunga bahasha nilikwenda kuhesabu picha ili niambatishe idadi kama ushahidi. Diski ina picha zote za zamani, lakini harusi haimo. Tarehe 9 niliifundisha mashine majina yote, nikasahau kuiunganisha na diski. Picha mia sita na arobaini ziliingia kwenye folda yenye jina lile lile la folda ya diski, lakini ndani ya kumbukumbu ya muda. Leo asubuhi umeme ulikatika dakika nne. Tafadhali, mwambie Shemeji asifute hata moja. Akiuliza sababu, mwambie umeamua wewe.