Kabureta ya Malkia

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na harufu ya petroli puani. Nikadhani ndoto. Wapi! Nikatoka na kandambili mpaka bandani. Chini ya Malkia pana doa kubwa kama sinia.

Malkia ni trekta. Aliniachia marehemu baba. Amenizidi umri kwa miaka miwili, anakunywa petroli, na hajawahi kuniaibisha mbele za watu. Mpaka leo.

Nimelala chali chini yake, saa mkononi. Tone linatoka kwenye kabureta, pale bakuli lake dogo linapofungwa na skrubu. Tone moja kila sekunde kumi na mbili. Si vibaya. Mimi mwenyewe nikiwa na mafua ninavuja zaidi ya hivyo.

Mke wangu hakucheka. Kasema banda limepakana na jiko lake, na yeye anapikia mkaa, au nimesahau? Kabeba jiko kulipeleka mwisho wa uwanja, na kaniagiza nimwite Fundi leo leo.

Fundi haitwi. Mwaka jana nilitangaza mbele ya wateja wake kwamba hajui tofauti ya kabureta na birika. Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka.

Na Jumamosi ndiyo siku yenyewe! Mwalimu mkuu ametuita wawili, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, tukalime shamba la shule. Atakayemridhisha ndiye atakayelima kila msimu. Shemeji ana trekta jipya, jekundu, kiti chake kina mto. Akisikia Malkia anavuja nimekwisha. Nitatengeneza mwenyewe. Kimya kimya.

Jumanne, 4 Machi

Sabuni! Nimekumbuka asubuhi nikinawa. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Kila dereva mkongwe anajua. Nikachukua kipande bafuni, nikakikanda, nikakipaka kuzunguka bakuli lote la kabureta kama mtu anayepaka chokaa ukutani.

Tone likakoma! Nikakaa kwenye ndoo nikamtazama Malkia kwa mapenzi. Nusu saa nzima nilikuwa fundi mkuu.

Kisha nikamwasha, kumjaribu tu. Akatetemeka. Sabuni ikabanduka kipande kizima, ikaanguka chini pwaa! Tone likarudi, safari hii na povu.

Shemeji akapita wakati huo huo. Kanusa hewa. Kauliza kama trekta langu linanukia waridi au pua zake zina kasoro. Nikamjibu kwamba mimi namwogesha mtambo wangu kabla ya kazi kubwa, na wenye heshima wote hufanya hivyo. Kaondoka akitingisha kichwa.

Ile sabuni ilikuwa ya mke wangu, ya kuendea harusini. Nimeambiwa hivyo jioni, kwa kirefu.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya.

Asubuhi nilikuwa na wazo zuri. Kinachovuja kimelegea, na kilicholegea hukazwa. Nikachukua bisibisi kubwa, nikakaza skrubu za bakuli kwa nguvu zangu zote. Gasketi, ule mpira mwembamba unaokaa katikati, ikakatika na kuchungulia nje. Tone likawa moja kila sekunde tatu!

Sikukata tamaa. Nikaweka kopo chini ya kabureta. Kopo likijaa, narudisha kwenye tangi. Hakuna kinachopotea! Petroli inazunguka tu, kama damu mwilini. Nilijipongeza kwa sauti. Kopo la kwanza lilipojaa nikaliweka mlangoni mwa banda, nikaenda kutafuta la pili.

Nikageuka. Mke wangu amemaliza kupika. Anataka kuzima mkaa. Ameliona kopo mlangoni, limejaa kitu cheupe kama maji. Amelichukua. Anaelekea kwenye jiko.

Sikumbuki nilivyokimbia. Najua kandambili moja imebaki bandani na nyingine sijui iliko. Hatua mbili kabla ya mkaa akasimama mwenyewe. Kanusa. Akalishusha kopo chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaja kuketi mbali nalo.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliniambia tu, "Wewe. Leo ungenizika."

Nikaketi chini kando yake.

Halafu akainuka, akaenda bandani, akaingiza mkono chini ya tangi, akazungusha kitu. Tone likakoma. Koki ya mafuta! Kasema marehemu baba mkwe wake alikuwa akiifunga kila jioni kabla ya kunywa chai, na yeye ndiye aliyekuwa akimletea hiyo chai.

Siku tatu. Sikuwahi kuifikiria koki.

Alhamisi, 6 Machi

Koki ikifungwa, Malkia mkavu. Koki ikifunguliwa, Malkia anatiririka. Na shamba halilimwi kwa koki iliyofungwa.

Nahitaji maarifa ya Fundi bila Fundi mwenyewe. Nimepata njia! Nimefunika simu kwa leso, nikabadili sauti, nikampigia. Nikajitambulisha kuwa mkulima kutoka mbali, mgonjwa wa koo, mwenye trekta la petroli la zamani linalovuja kwenye kabureta hata likiwa limesimama.

Fundi kasikiliza vizuri. Nimeandika yote nyuma ya bahasha. Trekta litolewe nje, penye hewa, mbali na moto. Nifunge koki, nichomoe waya wa betri. Nifungue bakuli. Nitazame ile sindano inayozuia petroli isizidi: uchafu ukiikalia haifungi. Kisha boya, lile pipa dogo la shaba linaloelea ndani na kuisukuma sindano ijifunge. Nilitikise sikioni. Nikisikia kitu ndani, limetoboka.

Nikamshukuru kwa ile sauti ya koo bovu. Nilikuwa karibu kukata simu.

"Sawa, mzee," kasema. "Mke wako msalimie. Na sabuni uache kabisa."

Nimeikunja leso nikaitia mfukoni. Jina langu limo kwenye simu yake tangu zamani. Na mke wangu, nimegundua, amekuwa akimpigia kila siku tangu Jumatatu.

Ijumaa, 7 Machi

Tumemsukuma Malkia mpaka katikati ya uwanja, mimi na mke wangu. Jiko limezimwa kwa maji, na maji hayo kayanusa kwanza. Akaleta kiti akaketi kunisimamia.

Koki. Betri. Skrubu. Bakuli likashuka, na ndani yake matope ya kutu na vumbi, na ukingoni mabaki ya sabuni ya harusi. Nikalitoa boya, nikalitikisa sikioni. Chubwi, chubwi! Limekunywa petroli. Limekuwa zito, halielei, sindano haisukumwi, petroli inapita tu kama mlango usio na komeo. Nilifurahi kana kwamba nimepata mtoto. Kisha nikakumbuka kwamba boya jingine sina.

Kengele ya baiskeli. Fundi! Hakutaja birika wala kabureta. Katoa mfukoni mwa shati boya zima, lililotoka kwenye trekta lililokufa, na gasketi mpya. Nikanyoosha mkono nimpe bisibisi. Akakataa. Kageuza ndoo, kaketi kando ya mke wangu, kapokea chai.

"Fanya wewe," kasema. "Mimi nitakuambia ukikosea."

Nimekosea mara nne. Kaniambia mara zote nne. Nimesafisha sindano kwa kitambaa, nimelipachika boya, kanirudisha nikalisawazishe kwa sababu lilikaa kichwa upande, nimeweka gasketi, nimekaza skrubu taratibu, zamu kwa zamu, kwa mkono mwepesi.

Mke wangu akatandika gazeti kuukuu chini ya kabureta. Nikafungua koki. Tukainama sote watatu. Dakika moja. Tano. Kumi. Gazeti kavu! Nikarudisha waya wa betri, nikamwasha, akatetemeka, gazeti kavu! Nusu saa, kavu kama unga! Nimepumua kama mtu aliyekuwa chini ya maji tangu Jumatatu.

Nikamwambia Fundi kwamba kuhusu yale maneno ya mwaka jana, ukitazama kwa mbali, kabureta na birika vinafanana kidogo, mtu anaweza kuchanganya. Kanitazama. Halafu akacheka, chai ikampalia. Nadhani yamekwisha.

Jumamosi, 8 Machi

Malkia amelima! Asubuhi mpaka mchana, hakudondosha hata tone. Kila nikifika mwisho wa tuta nilishuka kuchungulia. Walimu walidhani nasali.

Shemeji amenishinda mwendo, sitaficha. Lakini trekta lake ni refu, halikuweza kugeuka kwenye kile kipande chembamba nyuma ya madarasa. Malkia aligeuka kama anacheza. Mwalimu mkuu kaamua: shamba kubwa la shemeji, kipande cha nyuma changu, kila msimu. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Shemeji kanipa mkono. Kauliza nani amemtengeneza Malkia vizuri hivyo. Nikamjibu kwamba ni mimi, peke yangu, bila msaada wa mtu. Fundi alikuwa nyuma yangu, amekuja kutazama. Kasema tu, "Hongera, mzee."

Niliporudi nyumbani jiko lilikuwa limerudi mahali pake, kando ya banda. Mke wangu anapika na anaimba. Nimesimama mlangoni nikamsikiliza mpaka akaniuliza nimepotea njia au vipi.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala mpaka saa tatu. Usingizi mtamu! Nikaenda kumsalimia Malkia. Kabureta kavu. Koki imefungwa. Nimeifunga mwenyewe.

Ila mbele, chini ya rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, pana maji. Kidogo tu. Tone moja kila sekunde ishirini.

Mke wangu kabla ya kwenda kwa dada yake kasema kama kuna lolote nimwite Fundi. Kwa maji tu? Mtu aliyefungua kabureta kwa mikono yake amwite mtu kwa ajili ya maji? Rejeta inavuja kwa sababu ina kitundu. Ute wa yai ukimiminwa kwenye rejeta ya moto huganda, na ukiganda huziba. Nani asiyejua hilo?

Jikoni kuna mayai sita. Mke wangu harudi mpaka saa kumi.

Nitaanza na matatu.