Kiendelezi Kilichokataa Kukaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimehamishia tovuti ya wachangia damu kwenye kontena. Si kontena la bandarini, kama anavyodhani mama mkwe, ambaye bado ananiombea nisiangukiwe na kitu kizito. Ni kisanduku cha ndani ya kompyuta. Programu inafungiwa humo pamoja na kila inachohitaji. Kila inachohitaji! Maneno yangu hayo, mbele ya Mkurugenzi, kifua mbele.

Nikabonyeza. Mstari mwekundu: kiendelezi cha hifadhidata hakipo. Yaani programu ipo, majina ya wachangiaji yapo, ila kile kipande cha kuviunganisha hivyo viwili nimekisahau. Nimeleta bwana harusi na bibi harusi, mfungisha ndoa nimemwacha kwao.

Bi Taratibu, mwenzangu wa meza ya pili, akanong'ona kwamba kiendelezi huandikwa kwenye faili la kujengea kontena. Mstari mmoja tu, kisha unajenga upya. Nikamwambia najua. Sikujua. Lakini kiti cha mkuu wa kitengo kiko wazi, na tunaokitolea macho ni mimi na yeye. Sifundishwi mbele za watu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa! Nimeingia ndani ya kontena likiwa kazini, nikakipachika kiendelezi kwa mkono. Dakika nne. Tovuti ikafunguka. Mkurugenzi akanipigia makofi. Bi Taratibu akauliza kama nimeandika kwenye faili. Nikamjibu kwamba mwogeleaji haulizi kina. Sijui maana yake, ila ilisikika vizuri.

Saa nane mchana karani akachomoa waya wa seva, kompyuta inayobeba lile kontena, ili achemshe maji ya chai. Seva ilipowaka, kontena likajengwa upya kutoka kwenye lile faili, halikumbuki lolote la asubuhi. Mstari mwekundu. Nikapachika tena, huku nikijifanya nasoma barua pepe.

Jumatano, 5 Machi

Seva imezimwa mara tano leo! Fundi wa kiyoyozi, mara mbili. Karani na birika lake, mara mbili. Mara ya tano mimi mwenyewe, kwa goti.

Nimebuni mkakati. Nimetangaza ofisi nzima kwamba seva ina joto la ndani na haitaki kusogelewa. Msafishaji ameamini, amegoma kuingia na ufagio. Mimi ndiye mlinzi sasa. Nakula chakula cha mchana juu ya kibodi. Chooni naenda mbio.

Nyumbani mke wangu akauliza kwa nini nashtuka kila jokofu linapozima. Nikamweleza yote. Akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia hayo ni mambo ya uzazi, haya ni ya kompyuta.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Saa nne asubuhi nilitoroka kwenda kwa kinyozi, maana kesho ni usaili wa kile cheo. Nusu ya kichwa imeshanyolewa, simu ikalia. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, muuguzi wa wodi ya wazazi.

"Shemeji, nina mama hapa amejifungua, damu haikatiki. Nahitaji watu wa O hasi sasa hivi, na tovuti yako inanionyesha maandishi mekundu. Nimsomee hayo?"

Nikatoka mbio na kitambaa cha kinyozi shingoni. Watu wakanipisha njia, wakidhani nimechanganyikiwa. Hawakukosea sana.

Nilipofika, Bi Taratibu alikuwa ameshaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata, anamsomea shemeji namba za simu za wachangiaji, moja baada ya nyingine, sauti imetulia. Watu wawili walikuwa tayari njiani kwenda hospitali. Alipokata simu akafungua faili, akaandika mstari mmoja, akajenga kontena upya. Kisha akazima seva. Nilifumba macho. Akaiwasha. Tovuti ikafunguka yenyewe, bila mkono wa mtu.

Saa saba shemeji akapiga: mama amepona, mtoto ananyonya. Akasema nimpe asante yule dada. Mimi hakunishukuru. Nilikwenda ngazini nikakaa peke yangu, nusu nywele, nusu upara.

Ijumaa, 7 Machi

Cheo kimekwenda kwa Bi Taratibu. Haki yake. Hakunisema kwa Mkurugenzi hata kidogo. Alisema tu kwamba kitengo kimejifunza. Ningekuwa mimi, ningesema mpaka koo likauke!

Nimeapa mbele ya mke wangu: sitapachika kitu kwa mkono tena maishani. Akaniuliza maisha ya nani.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu mpya amenipa kazi ndogo. Mfumo wa miadi ya kliniki hauonyeshi picha za wagonjwa; umekosa kiendelezi kingine, cha picha. Akasisitiza, kwa upole uleule: mstari mmoja kwenye faili, jenga upya. Nikasema naam, mkuu. Na safari hii nilikuwa najua kweli.

Lakini kujenga upya kunachukua dakika ishirini. Ishirini! Kwa mkono, mbili. Yeye yuko kikaoni, nikapachika. Picha hizo hapo, zinang'aa, kila mgonjwa na sura yake. Atarudi akute kazi imekwisha, ashangae.

Faili nitaliandika kesho asubuhi, kwa utulivu. Hii si kama ile ya wiki iliyopita, hali ni tofauti kabisa.

Karani anasema saa tisa anakuja fundi umeme kukagua nyaya za jengo zima. Kukagua tu, nadhani.