Kichwa cha Kuku kwenye Karamu ya Bosi Tseng

Alhamisi, 9 Januari

Nimekwisha. Bosi Tseng ametangaza kwamba baada ya Mwaka Mpya wa Kichina idara ya mota itabaki na mhandisi mmoja. Tuko wawili: mimi, Fu Kuo-hsiung, mkongwe wa hapa, na Pai Shu-fen, aliyeingia juzi tu. Chipu zetu ni zile zile. Yeye mota ameiachia prosesa msaidizi, iliyomo humo humo kwenye chipu na haina kazi nyingine. Kwangu prosesa kuu inafanya kila kitu: mota, skrini, redio. Kikaoni nilitoa kifua mbele nikasema msaidizi ni wa wavivu.

Kisha tukapima. Kila skrini ilipochora, mota yangu ilishikwa na kwikwi. Yake ikazunguka kimya. Nikazima skrini yangu kwa siri. Shu-fen akauliza mbele ya bosi, "Kaka Fu, skrini yako imelala au imekata roho?" Mdomo huo!

Na mke wangu keshawaambia majirani wote kwamba nitakuwa mkuu wa idara.

Ijumaa, 10 Januari

Bosi kasema mambo yataamuliwa Jumatano, kwenye karamu ya kufunga mwaka. Mota itazungusha meza ya duara iliyojaa vyakula, na bakuli la supu limejaa hadi ukingoni. Skrini iwe inawaka. Atakayemwaga supu, kwaheri. Naanza mimi, kwa kuwa ni mkubwa.

Supu nitaimwaga, najua. Lakini kuna kuku! Karamu hii kuku huletwa mzima na kichwa chake. Tangu enzi za babu zetu, bosi anayetaka kumfukuza mtu hasemi neno. Humwelekezea kichwa cha kuku, na kesho yake mtu huyo hufungasha vitu vyake. Mabosi wa siku hizi hujielekezea wenyewe ili watu wale kwa amani. Je, kuku akisimama mwenyewe mbele ya Shu-fen, watu wote wakiona? Bosi Tseng ni mtu wa mambo ya zamani. Hawezi kumpinga kuku.

Jumatatu, 13 Januari

Nimejaribu kwenye meza ya chumba cha mapumziko. Chupa ya chai ndiyo kuku. Nikalenga friji. Ikasimama kwenye pipa la taka. Mara ya pili, dirishani. Mara ya tatu, kwangu! Programu yangu haisimami mahali pamoja mara mbili. Nimekaa sakafuni nikatamani kulia.

Shu-fen alipotoka kununua chakula, nikanakili programu yake, nikaitia kwenye mota yangu. Friji. Friji. Friji. Kila mara, skrini ikiwaka, bila kutikisika. Namchukia kuliko jana.

Jumanne, 14 Januari

Shangazi Kan wa uhasibu ndiye anayepanga viti. Nimempelekea boksi la keki za nanasi nikamwomba amweke Shu-fen kiti cha karibu na mlango. Nikasema binti ana haya, hapendi kubanwa katikati ya watu. Akanitazama weee. "Fu, wema huu umeutoa wapi?" Keki akazichukua.

Kituo cha kuku nimeshakiweka kwenye programu: kiti cha mlangoni.

Jumatano, 15 Januari

Ole wangu!

Nje upepo wa mji wetu wa Hsinchu ulikuwa unang'oa mabango. Mlango ukifunguliwa tu, karatasi za kufutia mikono zinaruka. Shu-fen akapiga chafya. Moja tu! Shangazi Kan akapaza sauti, "Fu! Mwanamume mzima, umekaa pazuri unamtazama mwenzio akiganda? Hebu mpishe!" Nikasema nina mgongo mbovu. "Mgongo na upepo wapi na wapi? Nyanyuka!" Nikanyanyuka. Tukabadilishana viti.

Bosi akabonyeza. Meza ikazunguka taratibu. Supu haikumwagika hata tone. Kuku akampita bosi, akampita Shu-fen, akaja kusimama mlangoni. Akanitazama mimi.

Kicheko.

Bosi Tseng, mzee wa watu, akataka kuniokoa. Akasema ni bahati mbaya tu, akabonyeza tena. Kwangu. Akabonyeza mara ya tatu. Kwangu! Akaweka vijiti vyake vya kulia chini. "Fu, mwanangu, mimi sikuwa na neno na wewe. Lakini huyu kuku ana neno."

Shu-fen akatazama skrini, akatazama supu. Akasema polepole kwamba mota ya Kaka Fu ina kwikwi. Hii haina. Hii ni programu yake yeye, Shu-fen. Nikala kabichi.

Alhamisi, 16 Januari

Bosi alitaka nifungashe leo leo. Aliyeniombea ni Shu-fen. Amesema nina familia, na Mwaka Mpya umekaribia. Basi nimebaki, chini yake, na kazi moja tu: kuangalia mota zake zikizunguka. Mke wangu hanisemeshi. Nimeingia chooni nikalia kama mtoto.

Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Mpango haukuwa na kasoro. Ni upepo ulioniponza.

Mchana nimemnunulia Shu-fen skafu nene ya sufu. Ameshukuru, akasema hakujua nina moyo mzuri hivi. Nimemwambia aitunze. Kwenye karamu ya mwakani hatakuwa na sababu ya kukataa kiti cha mlangoni.